Mlima Uliofugwa: Theluji ya Dubai na Hatari ya Milima ya Hajar

Theluji ya asili imeandikwa mara chache mno katika kumbukumbu za Umoja wa Falme za Kiarabu, tena si Dubai kwenyewe bali kwenye vilele vya Jebel Jais, katika emirati ya Ras Al Khaimah, ambako safu ya milima ya Hajar hupanda hadi takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Tarehe 28 Desemba 2004 vilele hivyo vilifunikwa na weupe ambao wenyeji walikuwa hawajauzoea, na tarehe 24 Januari 2009 theluji ikaanguka tena, ikarundikana hadi kina cha sentimita 20 hivi, kisha ikayeyuka upesi kama ilivyokuja.

Upesi huo ndio unaoeleza kwa nini Hajar haina historia ya maporomoko ya theluji, yaani hali ya tabaka zima la theluji kumeguka mlimani na kuteremka kwa kasi likifukia kila lililo mbele yake. Maporomoko yaliyo mabaya zaidi huhitaji mambo matatu yakutane: mteremko mkali, kwa kawaida wa kati ya nyuzi 30 na 45, theluji iliyolimbikizana tabaka juu ya tabaka kwa majuma au miezi, na katikati ya matabaka hayo, moja lililo dhaifu. Udhaifu huo mara nyingi huzaliwa polepole, pale ardhi iliyo chini inapobaki na joto kidogo huku hewa ya juu ikiwa na baridi kali, kwa kuwa mvuke unaopanda ndani ya theluji huigeuza kuwa chembe kubwa zisizoshikana, zenye kumiminika kama sukari. Juu ya chembe hizo hukaa bamba gumu linaloonekana imara kabisa, na uzito wa mtu mmoja waweza kutosha kulikata.

Elimu hiyo haikupatikana kwa bei rahisi. Uswisi, iliyokwishaanza utafiti wa theluji katika milima ya Davos tangu miaka ya 1930, ilipoteza watu 98 katika majira ya baridi ya 1950 na 1951, na ilikuwa mwaka 1993 tu ndipo nchi za Ulaya zilipokubaliana juu ya kipimo kimoja cha hatari chenye ngazi tano, ambacho mpanda milima hukisoma kabla ya kutoka nje ya njia zinazolindwa, kisha akajiamulia mwenyewe aende au abaki.

Dubai iliipata theluji bila kuyapitia hayo. Mwishoni mwa 2005, mwaka mmoja tu baada ya theluji ile ya kwanza ya Jebel Jais, kampuni ya Majid Al Futtaim ilifungua Ski Dubai ndani ya jumba la maduka la Mall of the Emirates: ukumbi wa mita za mraba 22,500, wenye miteremko mitano ya mchezo wa kuteleza, katika mji ambao joto lake la Agosti hupita nyuzi 40. Usiku, wageni wakishaondoka, joto la ndani hushushwa hadi karibu nyuzi 6 chini ya sifuri, na mitambo iliyofungwa darini hupuliza maji yaliyokwisha kupozwa, yakatoka kama ukungu, yakaganda hewani na kutua yakiwa theluji. Kisha magari ya minyororo hupita kuisambaza na kuishindilia, na mchana joto huachwa lipande hadi nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri. Hakuna upepo wa kuirundika upande mmoja, wala mvua ya kuilowesha, wala juma la baridi kali la kuliharibu tabaka la chini. Mteremko mrefu kuliko yote una mita 400 na hushuka mita 60 tu, na hesabu ndogo yaonyesha kwamba wastani wa mwinamo wake haufiki nyuzi 9. Huo ni mlima uliofugwa, na si haki kuudharau kwa sababu hiyo, kwani mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh aliyekwenda Deira, mjini Dubai, kufuata mzigo aweza kuingia humo kwa saa mbili akatoka salama, jambo ambalo milima ya Alps haiwezi kumwahidi yeyote.

Hata hivyo milima ya kweli haina njia moja tu ya kuua. Kilimanjaro, yenye theluji na barafu, iliwaua wapandaji watatu kutoka Marekani mnamo Januari 2006 kwa mawe yaliyoporomoka kwenye njia ya Western Breach. Katika Hajar, silaha ni maji.

Sehemu ya milima iliyo chini ya utawala wa Dubai ni Hatta, kipande cha emirati kilichotengana nayo, yapata kilomita 130 kutoka mjini, mpakani na Oman. Majabali ya huko yako wazi, udongo ni haba na mimea ni michache, kwa hiyo mvua ikinyesha kwa nguvu hakuna kinachoinywa. Yote hukimbilia kwenye wadi, yaani mabonde ya mito ambayo karibu mwaka mzima ni changarawe kavu, pahala pazuri pa kupigia hema na kupitisha magari ya milimani. Mtego wake unafanana na ule wa theluji kwa jambo moja la msingi: hatari hukusanyika mahali asipopaona mtu. Wingu laweza kumwaga maji kwenye vyanzo, kilomita nyingi juu, na aliye bondeni akabaki chini ya anga jeupe mpaka asikie mngurumo, na hapo gari zito si kinga tena, kwa kuwa maji yenye kasi hulinyanyua matairi kabla hayajafika dirishani. Tena wengi hawanaswi kwa bahati mbaya. Mvua inyeshapo baada ya ukame mrefu, watu hutoka mjini kwa makusudi kwenda kutazama mabonde yakitiririka.

Aprili 2024 ilionyesha ukubwa wa nguvu hiyo. Tarehe 14 mafuriko ya ghafla nchini Oman yaliua watu, wakiwamo watoto wa shule waliosombwa na maji ndani ya gari. Tarehe 16 kituo cha Khatm Al Shakla, katika eneo la Al Ain, kilipima milimita 254.8 kwa muda usiotimia saa 24, kiwango kikubwa kuliko vyote katika Umoja wa Falme za Kiarabu tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949, na uwanja wa ndege wa Dubai ukageuka ziwa. Miezi miwili baadaye Dubai iliidhinisha Tasreef, mpango wa mifereji ya maji ya mvua wa dirham bilioni 30 unaotazamiwa kukamilika mwaka 2033.

Kwa upande wa mabonde, sheria ilikuwa imekwisha kutangulia. Mei 2023 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Umoja wa Falme za Kiarabu ilitangaza faini ya dirham 1,000 na pointi 6 za makosa kwa wanaokusanyika karibu na mabonde na mabwawa wakati wa mvua, na kwa dereva anayeingia katika bonde lililofurika, faini ya dirham 2,000, pointi 23 na gari kuzuiliwa siku 60. Hapa ndipo Ghuba inapoachana na Ulaya, kwani kipimo cha ngazi tano humwachia mpanda milima uamuzi, ilhali kanuni hii humpokonya, ikitaja wazi kwamba kosa ni kuingia katika bonde lililofurika, kiwango cha hatari yake kiwe kikubwa au kidogo.