Hamira, Kompyuta na Mkulima wa Meru

Ndugu msomaji, hamira unaijua: ndiyo iumuayo mkate na maandazi ya nyumbani kwako. Lakini je, umepata kusikia kwamba hamira imewahi kufanywa itoe dawa ya malaria? Habari hii yamhusu hata mkulima wa chini ya mlima Meru, kwa hiyo tuizingatie.

Mwaka 1972 huko Uchina, Bibi Tu Youyou na wenzake walipata dawa ya atemisinini katika mmea wa atemisia, ulio jamaa ya pakanga. Mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutoa bure dawa mseto yenye asili hiyo, na Tanzania Bara ikafuata mwaka 2006. Dawa ilipotakiwa kila mahali, mwaka 2005 bei ya atemisinini ilipita dola 1,000 kwa kilo. Wakulima wa upande wa Arusha nao wakaupanda mmea huo.

Wakati huohuo, mjini Berkeley, Marekani, Jay Keasling na wenzake walishika njia nyingine. Kila kiumbe hai hubeba ndani yake maagizo yaliyo mfano wa maandishi ya herufi 4. Kompyuta huzisoma herufi hizo kwa mamilioni na kuzilinganisha. Wataalamu hao walitazama maagizo ya mimea ya ukoo mmoja na atemisia, kama alizeti na saladi, wakaitambua jeni waliyoitafuta, wakaitia katika hamira. Mwaka 2006 wakatangaza kuwa hamira yatoa tindikali ambayo hugeuzwa kuwa atemisinini. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ikaanza kuitengeneza kwa wingi Italia.

Je, mmea ulishindwa? La, hasha! Ile ya hamira ilikuwa ghali kuliko ya shambani, na mwaka 2015 kiwanda hakikutengeneza hata kidogo. Lakini mkulima naye hakushinda. Bei ilikwisha anguka tangu 2007 hadi kama dola 200, kwa kuwa waliolima walizidi mahitaji. Soko lilimwumiza kabla ya hamira kufika, na hukumu zote mbili zilipitishwa mbali naye.

Hapo, ndugu yangu, ndipo penye mazingatio. Elimu ni amana. Mgonjwa ana haki ya dawa rahisi, na mkulima ana haki ya jasho lake. Mwenye elimu hana ruhusa ya kumsahau mmoja wao. Pale Tengeru, karibu na Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela ilianza kufundisha mwaka 2011, na humo elimu ya viumbe hai na elimu ya kompyuta zimo katika chuo kimoja. Basi tuwahimize vijana wetu, wa kike na wa kiume, wazisome zote mbili. Asiye na elimu hiyo hupangiwa bei na wenye nayo.