Mwezi Mwandamo na Mwezi wa Kalenda

Neno mwezi lina kazi mbili katika Kiswahili, kwani hutaja gimba ling'aralo usiku na pia kipande cha mwaka, na uwili huo, ambao Kiyao nacho kinao katika neno mwesi, hauwasumbui wasemaji wa Nachingwea na Ruangwa mpaka tarehe za ukutani zinapotakiwa zilingane na mambo ya angani. Hapo ndipo istilahi mwezi mwandamo inapohitajika. Kitenzi kuandama kina maana ya kufuata, na mwezi husemwa kuwa umeandama pale hilali, yaani ukingo wake mwembamba, inapoonekana upande wa magharibi baada ya jua kuchwa. Katika wilaya hizi mbili, zilizo karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, hilali hiyo mara nyingi hulala chali kama mtumbwi, wala haisimami wima kama inavyochorwa kwenye bendera.

Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine hupita wastani wa siku 29.5, ilhali miezi ya kalenda, Februari ikiachwa kando, ina siku 30 au 31. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoufanya mwezi mpevu utokee mara mbili Januari 2018, tarehe 2 na 31, usitokee kabisa Februari, kisha utokee tena mara mbili Machi.

Miezi mwandamo 12 hutimiza siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, na kwa hiyo Ramadhani iliyoanza Oktoba mwaka 2005, korosho zikiokotwa, ilifika Februari mwaka 2026, mashamba yakiwa kwenye palizi. Mkorosho wenyewe hufuata jua na mvua.

Istilahi awamu za mwezi, yaani sura zake kuanzia hilali hadi mwezi mpevu na kurudi gizani, ina kasoro, kwa kuwa asiyeizoea aweza kudhani ni mafungu ya siku 30, kama awamu za malipo. Sura za mwezi ingefaa zaidi. Mtego mwingine umo katika majina ya mfungo: Mfungo Nane si Agosti, bali ni Jumadal Ula, mwezi wa tano wa mwaka wa Kiislamu, kwa sababu mifungo huhesabiwa kuanzia Ramadhani inapokwisha.