MSWAKI: SUNNA, DAWA NA MPAKA WAKE



Ndugu zangu wa Nachingwea, Ruangwa na popote mlipo, ukimtuma mtoto dukani leo akalete mswaki, atarudi na wa plastiki. Hakukosea. Lakini neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, siwaki, na asili yake ni kijiti cha mti. Tusome historia yake kidogo, kisha nina kosa langu la kukiri mbele yenu.

Mwaka wa 11 Hijria, sawa na 632 Miladia, Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa katika saa zake za mwisho, ameegemea kifua cha Bibi Aisha (r.a.). Akaingia Abdurrahman, kaka yake Bibi Aisha, ana mswaki mkononi. Mtume akautazama. Bibi Aisha akaelewa, akauchukua, akautafuna mpaka ukalainika, akampa, naye akapiga mswaki. Haya yamo katika Bukhari. Mtu anaondoka duniani, na bado anataka kinywa kisafi!

Mti uliosifika zaidi ni araki, ambao wataalamu huuita Salvadora persica. Lakini wanazuoni wa madhehebu ya Shafi hawakutubana hapo: chochote kigumu, kisafi, kinachoondoa uchafu kinatosha, ingawa araki ni bora. Kwa hiyo Uislamu ulipoenea vijijini kwetu kusini, hasa baada ya Vita vya Majimaji vya 1905–1907, sunna hii haikuhitaji mti wa kuagizwa Uarabuni. Upo mdaa, ambao mizizi yake kina mama hutilia rangi ukili wa mikeka, na mizizi hiyohiyo hupigiwa mswaki. Upo pia mwarobaini, uliotoka Bara Hindi. Nilipokuwa madrasa, mwalimu wetu alikagua vijiti kabla ya kufungua msahafu.

Sasa elimu ya tiba. Ugonjwa wa fizi huanza na utando wa bakteria unaoganda pale jino linapokutana na fizi. Usipoondolewa, fizi huvimba na kutoa damu. Utando ukizidi kukaa huwa ugaga mgumu, na mfupa unaoshika jino huliwa taratibu. Nyuzi za mswaki huusugua utando huo. Zaidi ya hapo, mwaka 2011 watafiti wa Sweden walieleza kwamba mzizi wa araki una kemikali iitwayo benzili isothiosayaneti, jamaa ya ule ukali wa haradali na mlonge, na kwamba maabara iliua bakteria wanaohusika na ugonjwa wa fizi.

Subhanallah! Lakini hapa ndipo nilipoteleza.

Miaka michache iliyopita nilisambaza kwenye kundi letu la WhatsApp ujumbe uliosema mswaki na maji ya mwarobaini vinaponya kila ugonjwa wa kinywa, tena ukamsingizia Mtume maneno ambayo sikuyahakiki. Mzee mmoja wa safu ya mbele alikuwa anatoka damu kwenye fizi. Akauamini, kwa kuwa umetoka kwa imamu. Akasukutua kwa miezi. Alipofika kwa daktari, meno manne ya mbele yalikuwa yanacheza, yakang'olewa. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Shehe, siku hizi sin hainitoki vizuri kwenye Fatiha." Nikakosa la kumjibu.

Ndugu msomaji, kuua bakteria maabara si sawa na kumponya mtu. Kijiti hakifiki chini ya fizi, ulikojificha ugaga. Huo huondolewa kwa vifaa vya daktari.

Basi piga mswaki kila udhu na kila swala, kwani Mtume alisema lau si kuchelea kuutia uzito umma wake, angeuamrisha. Tumia mti unaoujua, na ncha ikichakaa ikate. Wa plastiki na dawa yenye floraidi nao ni mswaki. Fizi zikiendelea kutoa damu, au jino likicheza, nenda hospitali mapema. Na ukiletewa ujumbe wenye jina la Mtume, uliza kwanza umepokewa wapi. Kumzulia Mtume ni dhambi kubwa hata kwa nia njema, na sunna yake haihitaji uongo wetu ili ipendeze.

Mzee wetu bado yupo safu ya mbele. Muombeeni afya, na mimi niombeeni maghufira.

Wallahu a'lam.