Jitu Weusi wa Shule ya 271

Mwambie mtu wa Tanga au wa Unguja kwamba kulikuwa na mwalimu aliyejiita Jitu Weusi, atakusahihisha kabla hujamaliza sentensi. "Jitu jeusi," atasema. Na kisarufi yuko sahihi. Lakini mwenye jina hakuwa wa Tanga. Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1939, akaitwa Leslie Campbell, na Kiswahili alikichukua ukubwani, kama wenzake wengi wa kizazi chake. Alifariki 2013 akiwa bado anaitwa Jitu. Kabla ya jina hilo kumkaa alikuwa mwalimu katika shule ya serikali iliyokuja kusimamisha masomo ya jiji zima: Junior High School 271, eneo la Ocean Hill.

Tuiite shule ya kati. Mtoto ametoka msingi, hajafika sekondari ya juu, yuko kwenye ule umri wa miaka 12 hadi 15 ambao hata mzazi wake hamwelewi vizuri.

Kuielewa 271 lazima uanze na swali la nani anakaa wapi. Brownsville na Ocean Hill zilikuwa mitaa yenye Wayahudi wengi, mafundi cherehani na wachuuzi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watoto wao wakapanda ngazi, wakahama. Wakaingia Wamarekani Weusi waliotoka majimbo ya Kusini, na watu wa Puerto Rico. Kufikia miaka ya 1960 madarasa yalikuwa yamebadilika sura kabisa. Ofisi ya walimu haikubadilika. Wanafunzi Weusi na Wapuerto Rico, walimu karibu wote Wazungu, wengi wao Wayahudi. Wakuu wa shule Weusi katika New York yote ungeweza kuwahesabu kwa vidole.

Hapa watu hupenda kutafuta mbaya mmoja, na mimi mwanzoni nilifanya hivyo hivyo. Lakini walimu wale nao walikuwa na historia yao. Miaka ya 1930, wakati kampuni nyingi zilikuwa hazitaki kabisa kusikia jina la Kiyahudi, ualimu wa New York ulipatikana kwa mtihani. Ukifaulu, umefaulu, uwe mtoto wa nani. Mtihani ule ulikuwa ngao yao. Tatizo ni kwamba ngao ya huyu ilikuwa ukuta wa yule, kwa sababu ni mitihani hiyo hiyo, na orodha zake za kupanda vyeo, iliyowaacha walimu Weusi nje ya ofisi za wakuu wa shule.

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku kuwatenga watoto shuleni kwa rangi. New York ilishangilia, eti hayo ni mambo ya Kusini. Haikuwa na sheria ya ubaguzi, ilikuwa na ramani tu: mtoto anasoma mtaani kwake, na mtaa umeshagawanywa kwa rangi. Tarehe 3 Februari 1964, wanafunzi zaidi ya 460,000 hawakwenda shule. Waandaaji walikuwa Mchungaji Milton Galamison na Bayard Rustin. Waliobaki nyumbani siku ile ni wengi kuliko waliokuwa kwenye maandamano ya Washington ya 1963, yale ya hotuba ya ndoto ambayo kila mtu anaijua. Hii ya watoto nani anaikumbuka?

Jiji likaahidi, likazunguka. Mwaka 1966 Harlem ikapata shule mpya ya kati, I.S. 201, jengo lisilo na madirisha, iliyoahidiwa kuchanganya rangi zote na ikafunguliwa bila mtoto wa Kizungu wa kuonekana. Ndipo wazazi wakageuza hoja: kama hamtaki kuchanganya, basi tupeni shule zetu tuziendeshe wenyewe.

Mwaka 1967, kwa msaada wa fedha za Ford Foundation, jiji likakubali kujaribu katika maeneo matatu. Ocean Hill-Brownsville lilikuwa moja, na shule nane, 271 ikiwamo. Agosti wazazi wakachagua bodi yao, na msimamizi akawa Rhody McCoy, mwalimu Mweusi mkongwe aliyekuwa amefundisha kwa miaka mingi watoto ambao shule nyingine zilikuwa zimeshawakatia tamaa. Nguvu za bodi hazikuandikwa vizuri popote. Nani anaajiri? Nani anafukuza? Kila upande ulielewa unavyotaka.

Mei 1968 McCoy na bodi walituma barua kwa walimu 13 na wasimamizi 6, wakiwataka waondoke eneo lile wakapangiwe kazi kwingine. Tuhuma ilikuwa kwamba wanahujumu jaribio. Mmoja wao alikuwa Fred Nauman, kiongozi wa chama cha walimu pale 271, Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto. Fikiria mtu kama huyo anafungua bahasha inayomwambia hatakiwi tena. Halafu fikiria mzazi ambaye mtoto wake kafika shule ya kati na kusoma bado ni shida, anaambiwa huyo mwalimu hagusiki. Agosti, jaji mstaafu Francis Rivers, naye Mweusi, alisikiliza mashauri na kusema tuhuma hazikuthibitishwa. Bodi haikutaka kuwarudisha.

Albert Shanker, rais wa chama cha walimu, akaitisha mgomo shule zilipofunguliwa Septemba. Migomo ikawa mitatu, hadi katikati ya Novemba, siku 36 za masomo, watoto zaidi ya milioni moja. Mlangoni pa 271 kulikuwa na polisi na vizuizi. Cha ajabu, wakati sehemu kubwa ya New York imefungwa, shule za Ocean Hill zilikuwa wazi, zikifundishwa na vijana wapya walioajiriwa na McCoy. Wengi wa vijana hao walikuwa Wazungu, na Wayahudi kati yao si wachache. Hilo halikuingia vizuri kwenye hadithi ya upande wowote, kwa hiyo husahaulika.

Kuna sehemu ambayo haipambiki. Vikaratasi vya chuki dhidi ya Wayahudi vilisambazwa, na Shanker, badala ya kuvitupa, akavichapisha nakala nusu milioni ili jiji zima liogope. Desemba, Campbell wetu akasoma redioni, WBAI, shairi la mwanafunzi wa miaka 15 lenye matusi kwa Wayahudi. Mtu mzima, mwalimu, na kipaza sauti. Nampenda Jitu Weusi kwa mengi, hilo simtetei.

Na masomo je? Mwanahistoria Diane Ravitch aliandika baadaye kwamba alama za kusoma katika shule zile nane zilikuwa chini zaidi mwaka 1971 kuliko 1967. Wanaoupinga uongozi wa wazazi huishia hapo. Lakini jaribio lenyewe lilipata mwaka mmoja wa kujipanga, mwaka mmoja wa mgomo, na kabla ya 1970 kwisha lilikuwa limekwisha: sheria ya jimbo ya 1969 iliigawa New York katika wilaya kubwa, na Ocean Hill ikamezwa. Ukipanda muhindi leo ukaung'oa wiki ijayo, usiseme udongo mbaya. Ila wanaolitetea nao wanapaswa kukubali kwamba mtoto wa darasa la saba hasubiri historia imalize ubishi wake.

Campbell aliondoka. Mwaka 1970, pale Claver Place, Brooklyn, yeye na wenzake wakafungua shule yao binafsi, Uhuru Sasa Shule. Mpangilio wa Kiingereza, maneno yetu. Sisi tungesema Shule ya Uhuru Sasa. Falsafa ya Nyerere ya Elimu ya Kujitegemea, ya Machi 1967, ilikuwa ikisomwa na watu wa shule za aina hiyo, na Kiswahili kilikuwa kwenye masomo. Watoto waliozaliwa Brooklyn wakahesabu moja, mbili, tatu, wakijivuna.

Mimi nilipoingia kidato cha kwanza, mwanafunzi akikamatwa anaongea Kiswahili alivalishwa kibao shingoni, akizunguka nacho mpaka amnase mwenzake. Nilikivaa siku mbili. Niliyemkabidhi alikuwa rafiki yangu, na nilimchokoza kwa makusudi ili aseme "acha".