Msalaba wa Soko la Chichester

Katika miji mingi ya zamani ya Uingereza na Wales, soko lilitambulikana kwa msalaba wa mawe uliosimamishwa katikati yake. Pengine ulikuwa nguzo tupu juu ya vidato. Pengine ulijengewa paa, muuzaji apate kujikinga na mvua. Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, twapenda kuwasimulia wanachama habari za msalaba mmoja, ulio katika mji wa Chichester, kusini mwa Uingereza, kwa kuwa habari zake zatuhusu sisi wakulima.

Msalaba huo wasimama penye makutano ya njia kuu nne za mji. Una pande nane, kila upande tao lililo wazi, na katikati nguzo nene inayoshika dari ya mawe. Aliyeujenga ni Askofu Edward Story, mwaka 1501. Alilipa baraza la mji pauni 10 kwa ajili ya kiwanja, akakusudia maskini wapate mahali pa kuuza vitu vyao pasipo kutozwa ushuru. Mwenye kikapu chake kimoja alipata kivuli, na fedha aliyouzia ikawa yake yote.

Askofu hakuishia hapo. Wahenga wetu husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Naye aliacha shamba lenye kuleta pauni 25 kwa mwaka, zitumike kuutengeneza msalaba. Mwenyewe alifariki mwaka 1503, bali jengo lake liko hata leo.

Lakini mwaka 1808 ilijengwa nyumba mpya ya soko katika North Street, iliyochorwa na John Nash, na biashara ikahamia huko. Mawe yakabaki, wauzaji wakaondoka.

Hapo ndipo penye fundisho. Fadhili ya mtu mmoja, ijapokuwa kubwa, haiwezi kumlinda mnyonge daima, maana mambo ya soko huamuliwa na walio hai. Ghala letu na mizani yetu hatukupewa na askofu wala tajiri. Vimetokana na hisa na makato ya mazao yetu. Basi hapana budi viongozi watenge fungu la matengenezo kila mwaka, na kila mwanachama ahudhurie mkutano mkuu, ili siku soko letu litakapotaka kuhamishwa, wenye vikapu wawe ndio wanaopiga kura.