Upanga na Duara: Elimu ya Batini katika Maandishi ya Upanga ya Ulaya, Karne ya 15 hadi ya 17

Miongoni mwa wanaoyachunguza maandishi ya kale ya Ulaya kuhusu upanga, pana mvutano kati ya mikondo miwili. Wa kwanza unadai kuwa mabingwa wa upanga wa kipindi cha Renaisansi walikuwa wanabatini walioficha ndani ya michoro yao siri za nyota, hesabu na Kabala. Wa pili unaishikilia mbinu peke yake, na kila kinachohusu mbingu unakitupa kama pambo. Makala haya yanajadili kwamba mikondo yote miwili inakosea kwa sababu moja: haitofautishi ujirani wa maandishi na udugu wa hoja.

Ujirani una ushahidi mwingi. Mswada nambari 3227a, unaohifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Kijerumani mjini Nuremberg, una mafunzo ya upanga ya Johannes Liechtenauer bega kwa bega na maelekezo ya alkemia, ya tiba, ya kukaza chuma na ya mazingaombwe. Mswada wa Hans Talhoffer wa mwaka 1459, uliomo katika Maktaba ya Kifalme mjini Copenhagen, una maelezo ya elimu ya nyota pamoja na picha za wapiganaji na za mitambo ya vita. Lakini kukaa pamoja ndani ya jalada moja hakuthibitishi kwamba fani moja imeizaa nyingine. Vitabu vya aina hii vilikusanya maarifa yenye manufaa, na mwenye kitabu aliyehitaji kujua namna ya kukinga pigo huenda pia alihitaji dawa ya jeraha. Alichokiunganisha ni haja zake. Mswada wenyewe haumpi mtahini sababu ya kusema kwamba pigo linategemea nyota.

Usiri nao unahitaji kupambanuliwa. Mafunzo ya Liechtenauer yalitungwa kwa beti za mafumbo, na wafafanuzi wa karne ya 15 wanaeleza sababu: maneno yalifichwa ili sanaa isienezwe kwa watu wapuuzi, watakaoitumia vibaya. Huu ni usiri wa ufundi. Fumbo la namna hiyo linamlinda mjuzi dhidi ya mshindani, na hufumbuliwa kwa mafunzo ya mwalimu. Usiri wa kibatini unadai jambo jingine, yaani kwamba ulimwengu wenyewe ni fumbo, na kwamba vitu vya duniani vinaakisi vya mbinguni. Mhakiki anayeziita siri zote mbili kwa jina moja huwa amelijibu swali kabla ya kuliuliza.

Hata ufanano wa majina umewahi kuleta utata. Heinrich Cornelius Agrippa, Mjerumani aliyechapisha *De occulta philosophia* kikamilifu mwaka 1533, siye Camillo Agrippa wa Milan, mhandisi aliyetoa risala ya upanga mjini Rome mwaka 1553. Camillo aliipunguza mikao ya msingi ikawa minne, akaipa majina ya tarakimu, na akatumia mistari na pembe kuonyesha jinsi mkono na goti vinavyourefusha mchomo. Kwamba aliambatisha mazungumzo ya falsafa kwenye risala yake hakumfanyi kuwa mchawi. Mtu huyo huyo aliandika mwaka 1583 kuhusu namna ya kusafirisha mnara wa jiwe. Kwake jiometri ilikuwa chombo cha kazi.

Udugu wa kweli wa hoja unaonekana kwa Gérard Thibault, mzaliwa wa Antwerp, ambaye *Académie de l'Espée* yake ina tarehe ya 1628 kwenye ukurasa wa jina na ilitoka mtamboni Leiden mwaka 1630. Alikuwa mrithi wa mkondo wa Hispania ulioanzishwa na Jerónimo de Carranza, ambaye kitabu chake cha mwaka 1582 kiliuita upanga falsafa. Thibault anaanza na mwanadamu kama ulimwengu mdogo, na mwili kama kipimo cha vitu vyote. Kisha anachora duara ambalo kipenyo chake ni urefu wa mtu aliyenyoosha mkono juu. Bapa la upanga ni nusu ya kipenyo hicho, na upanga ukisimamishwa ardhini, kinga ya mpini hufika kitovuni. Hatua zote za mpiganaji hupimwa ndani ya duara hilo.

Wazo hili ndilo lililomo katika sura ya Cornelius Agrippa juu ya vipimo vya mwili, inayodai kuwa mahekalu, merikebu na hata safina ya Nuhu vilijengwa kwa kadiri ya mwanadamu. Lakini wazo hilo halikuwa mali ya Agrippa peke yake. Msanifu majengo wa Kirumi, Vitruvius, alikuwa amelieleza kwa namna yake karne nyingi kabla, na wachoraji wa Renaisansi walilifahamu vyema. Thibault haombi pepo, wala haweki hirizi upangani. Anachokichukua ni imani kwamba kipimo cha haki kimo mwilini, na kwa imani hiyo anaipandisha kazi ya mikono hadi kwenye daraja la elimu. Ukiiondoa falsafa, duara halina sababu ya kuwa duara. Ukiiondoa mbinu, halina kazi.

Wasomaji wa zama hizo waliuona udhaifu wa dai hili. Katika *El Buscón*, riwaya iliyochapishwa mwaka 1626, Francisco de Quevedo anamleta mwendawazimu anayepigana kwa pembe na duara, akiwa na kitabu cha Luis Pacheco de Narváez, mfuasi wa Carranza. Nyumbani mwa wageni anashika mwiko kuonyesha elimu yake, na anaaibishwa na mpiganaji halisi. Dhihaka hiyo inagusa kiini. Duara hudai upatanifu, ilhali adui hana wajibu wa kupatana na yeyote.

Hivyo basi, swali la mhakiki lisiwe kama upanga ulikuwa wa kibatini au la, bali kila matini inaitumia lugha ya mbingu kwa kazi gani. Katika miswada ya karne ya 15 lugha hiyo ni jirani, katika risala ya Camillo imekuwa jiometri ya kazi, na kwa Thibault ni msingi wa hoja. Kuzichanganya hali hizi ni kuwanyima watunzi wake haki ya kusomwa walivyoandika.