Neno "Taifa" katika Tasnifu ya Historia

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetafiti Mombasa ya karne ya 19 huanzia, kwa kawaida, kwenye hati za Waingereza. Kapteni Owen aliuweka mji chini ya himaya ya nchi yake mwaka 1824, himaya iliyoondolewa mwaka 1826, na maandishi ya kipindi hicho hayana taabu kusomeka. Baadaye huenda mjini kuwahoji wazee. Taabu huanzia hapo, nayo ni ya lugha kabla ya kuwa ya historia.

Rasimu moja niliyoletewa, iliyoandikwa kwa Kiingereza kama ilivyo desturi, ilieleza kuanguka kwa Mazrui mwaka 1837 kuwa ni matokeo ya ugomvi wa makabila. Makabila gani? Mwandishi alinionyesha daftari la mahojiano. Mzee alikuwa ametaja Tisa Taifa na Thalatha Taifa, na neno "taifa" likavikwa lile neno la Kiingereza wanaloitwa kwalo Waluo au Wakamba. Kosa ni dogo kwa jicho, lakini hoja nzima ilijengwa juu yake.

Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, ambao ndio Thalatha Taifa, walisema Kiswahili sawa na wenzao wa Tisa Taifa. Katika hao tisa, Wapate, Wafaza na Wamtwapa wanabeba majina ya miji walikotoka wahenga wao. Taifa hapa ni jumuiya ya kisiasa yenye wazee wake na mapatano yake na Mijikenda wa bara. Jumuiya ya namna hiyo yaweza kumwacha Mazrui na kumwelekea Seyyid Said kwa kupima maslahi yake. Neno "kabila" halituachii nafasi ya kuuliza maslahi hayo yalikuwa yapi.

Mashairi ya Muyaka bin Haji yangeweza kumsaidia, lakini aliyatupa kwenye kiambatisho kama mapambo. Hata hivyo, nayo yana masharti yake. Mengi yamehifadhika kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na Taylor, yakachapishwa na Hichens mwaka 1940, na Abdulaziz akayachambua mwaka 1979. Shairi ni la Muyaka; maelezo ya tukio lililolizaa mara nyingi ni ya kizazi kilichofuata. Mtafiti asiyetenga mambo hayo mawili atamtaja shahidi mmoja akidhani ana wawili.

Nilimtaka mwanafunzi aweke maneno ya mzee kwa Kiswahili chake, kisha ndipo afasiri. Sura iliandikwa upya, na ugomvi wa makabila haukuonekana tena humo.